Kumbukumbu ya mradi: hatimaye Coke kapata mwaka wake

Imekubali! Wiki tatu nimekwama kwenye tarehe moja ya kuzaliwa, wasifu wa majaji wengine wa kale wa Uingereza ninaouandika umelala.

Mkorofi ni Edward Coke (litamke "Kuk"), jaji mkuu aliyeachishwa kazi na Mfalme James mwaka 1616 kwa ubishi. Huku naambiwa kazaliwa 1 Februari 1552, kule 1551. Kafa Septemba 1634, sasa ana miaka 82 au 83? Nimefuta na kuandika mpaka karatasi ya kaunta buku ikatoboka.

Kumbe wote wako sawa. Uingereza ya wakati ule mwaka mpya uliingia 25 Machi. Januari mosi ilikuja kisheria 1752. Februari ya Coke ilikuwa bado mkiani mwa 1551. Na sisi tunaosema saa moja huku mshale uko kwenye saba, ilikuwaje tusishtuke mapema?

Nikajiona fundi. Kila aliyezaliwa kati ya Januari mosi na 24 Machi nikamwongezea mwaka. Balaa! Jaji Mansfield, yule wa kesi ya mtumwa Somerset ya 1772, akaruka kutoka 1705 hadi 1706. Kazaliwa 2 Machi huko Scone, Uskoti, na Waskoti walishahamia Januari mosi tangu 1600. Mtoto yuleyule, siku ileile: Scone ni 1705, London bado 1704. Nilizima taa nikalala na hasira.

Programu ya majedwali nayo haina msaada. Tarehe ya kabla ya 1900 inaiona maneno matupu, kwa hiyo jaji Matthew Hale (1/11/1609) inamweka mbele ya Coke (1/2/1552). Nimetenganisha siku, mwezi na mwaka, nikaongeza safu ya nne: "walihesabuje?" Hiyo safu ndiyo iliyoniokoa. Kaunta buku bado ndiyo bosi, lakini.

Leo ilikuwa zamu ya jaji Blackstone. Ila nikihakiki kifo cha Mfalme Charles wa Kwanza (30 Januari 1649, Waingereza wenyewe waliandika 1648) nikakutana na John Cooke, mwanasheria aliyemshtaki mfalme mwenyewe, naye akauawa Oktoba 1660 ufalme uliporudi. Nimeshajaza kurasa nne. Blackstone asubiri, kazaliwa Julai, mwaka wake hauna ugomvi.