Ngoma inayoita
Jana usiku nimesikiliza muziki wa filamu ya Black Panther (2018) mwanzo mwisho, bila picha, taa nimezima. Rafiki yangu kashikilia kwamba okestra imeifunika ngoma. Nakataa! Ludwig Göransson, mtunzi wa muziki huo, alikwenda Senegal, akazunguka na mwimbaji wa huko Baaba Maal, na ile tama, ngoma ya kubana kwapani, imekaa mbele kabisa. Inapanda, inashuka, kama mtu anayeita jina, kisha tarumbeta zinaitikia. Hapo nimerudisha nyuma mara nne. Ila kwenye mapigano, haya, nakubali: fidla na vishindo tu, ungeweza kuvibandika kwenye filamu yoyote ya mashujaa. Oscar ya 2019 lakini aliipata kihalali. Mnaobisha, vaeni hedifoni kwanza ndipo mje.