Kila tundu la uzio lina mwenyewe

Jirani yangu ni mtu wa salamu ndefu. Atauliza za nyumbani, za watoto, za mvua, ndipo afike kwenye lake. Siku akinipigia alfajiri na kuanza na "Wako huku," bila hata hujambo, najua ng'ombe wangu Mabaka ameshavuka uzio na wenzake wako nyuma yake.

Sikimbii. Navaa viatu vya mpira, nachukua ndoo yenye pumba kidogo, kamba naitupia begani, simu mfukoni. Fimbo naibeba pia, ila kazi yake ni kurefusha mkono tu. Shida ya ng'ombe waliotoka mara nyingi huanza pale watu wanapofika: kelele, mbwa, vijana wanaotimka kutoka pande tatu kwa mpigo. Mnyama aliyekuwa amesimama anajilia zake sasa anapata sababu ya kwenda mbali. Nimewahi kuona kundi lililokuwa karibu kabisa na lango likifukuzwa mpaka barabarani na watu waliokuja kusaidia kwa moyo safi. Na mimi naiogopa barabara kuliko shamba la mtu. Mahindi yanalipika. Kwa hiyo msaidizi wa kwanza akifika, namtuma upande wa barabara akasimame. Asifuate mnyama, asipige mayowe, aonekane tu.

Macho ya ng'ombe yamekaa ubavuni, hivyo anaona karibu pande zote bila kugeuza kichwa. Asipopaona ni nyuma yake, usawa wa mkia, na ukimjia kutoka huko ama atashtuka ama atageuka kukuangalia, na huko anakokwenda umeshampotezea. Kila mmoja ana mpaka wake. Ukiwa nje ya mpaka huo anakutazama, ukiuingia anasogea. Kwa Mabaka, aliyezoea mikono, ni hatua moja au mbili. Kwa mtamba, jike ambaye bado hajazaa wala hajawahi kushikwa, hata ukiwa mbali ameshaanza kuondoka. Kisha kuna bega. Simama nyuma kidogo ya bega lake, ataenda mbele. Pita mbele ya bega, atasimama au atarudi alikotoka. Temple Grandin, mtaalamu wa tabia za mifugo wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado huko Marekani, ameyaandika haya kwa miaka mingi, na mtoto yeyote aliyechunga anayajua kwa miguu yake. Anayeyasahau ni mtu mzima mwenye hasira.

Ndoo naitikisa kwa ajili ya Mabaka peke yake. Kundi lina kiongozi, na ukimpata huyo hao wengine hawana shauri jingine. Lakini ndoo ni lazima iwe na kitu, na iwe imezoeleka. Ukimdanganya ng'ombe kwa ndoo tupu, atakuja leo, kesho hatakuja. Ndiyo maana huwa nawapa pumba kwenye ndoo hiyohiyo, hapohapo langoni, hata siku ambazo hakuna aliyetoroka. Mke wangu huita ule ujira wa kukaa nyumbani.

Na nawarudisha kwa lango, hata kama tundu waliotokea liko karibu zaidi. Waya uliolegea hukata chuchu na kuchana miguu, na wao wakiwa na haraka hawaangalii wanapokanyaga. Isitoshe, sitaki wazoee kwamba pale ni mlango.

Wakishaingia nawahesabu, nawakagua viwele na miguu, kisha naangalia tumbo upande wa kushoto. Hapo ndipo gesi huonekana. Ng'ombe aliyevamia majani mabichi ya jamii ya kunde yakiwa bado na umande anaweza kufura mpaka pale nyuma ya mbavu pakawa kama ngoma, na huyo hasubiri jioni, daktari wa mifugo aitwe wakati huohuo. Aliyeingia kwenye nafaka ananitia wasiwasi wa aina nyingine, kwa sababu anaweza kuonekana mzima kabisa kwa saa kadhaa kabla tumbo halijachachuka. Mtama mchanga nao, hasa uliodumazwa na ukame, hubeba sumu ya sianidi. Ukimwona anahema kwa shida na kuyumba baada ya kuula, usianze kuuliza majirani dawa.

Sasa uzio.

Watu wengi hapa ndipo wanaposhika nyundo. Mimi kwanza nachuchumaa kwenye tundu na kulitazama, maana kila tundu lina mwenyewe na lina sababu, na ukiziba bila kuijua sababu utakuja kuziba hatua tano mbele. Manyoya kwenye miiba hukuambia rangi ya mtoro. Yakiwa kwenye waya wa chini, ni ndama aliyetambaa, na pengine mama yake yuko upande wa pili. Nyaya za katikati zikiwa zimetanuka kama mdomo, kuna aliyekuwa akiingiza shingo kila siku kufuata majani ya nje. Hakuvunja kwa siku moja, alikuwa akifanya kazi hiyo taratibu wiki nzima huku misumari ikitoka kidogo kidogo. Waya ukiwa umepinda kuelekea ndani, mvunjaji hakutoka kwako. Ni dume la mtu, na ukirudi bandani utamkuta mtamba wako yuko kwenye joto. Hali hiyo hujirudia kila baada ya siku 21 hivi, kwa hiyo naandika tarehe kwenye kalenda, na siku zikikaribia mtamba analala bandani. Hiyo kalenda imeniokolea nguzo kuliko nyundo.

Nguzo nyingi zikiwa zimelala kwa mkupuo ni hofu: radi, mbwa, mnyama wa usiku. Hapo uzio haukuwa na kosa, hakuna waya wa kuzuia kundi lililoshtuka gizani. Lakini wakitoka mmoja mmoja, mchana kweupe, tena wale wapole, naenda kutazama majani na birika la maji kabla ya kutazama waya. Mara nyingi malisho yamekwisha kuguguniwa hadi mizizini, au maji yamekauka, au jiwe la chumvi lilikwisha na hakuna aliyekumbuka. Ng'ombe aliyeshiba, mwenye maji na wenzake, anaweza kuishi ndani ya uzio mbovu na asiugundue. Mwenye njaa utamjengea ukuta bure.

Ikishajulikana sababu, ndiyo naanza kazi. Kuziba kwa matawi ya miiba sikukatai, usiku mmoja unapita. Ubaya wake ni kwamba yakishakaa yanageuka uzio wa kudumu, na siku yakikauka mwenyewe ameshasahau kwamba aliahidi kurudi.

Nguvu ya uzio iko kwenye kona. Nyaya zote zinavuta pale, na nguzo ya kona ikiinama kidogo tu, mstari mzima unalegea hata kama nguzo za katikati ni nzima. Kona zangu zimezama karibu mita moja, zina nguzo ya pili pembeni, gogo la kulala kati yake, na waya wa mshazari wa kuzikaza. Nguzo za katikati zinatosha sentimita 60. Ukipima uzima wa nguzo usiishie kuitikisa juu. Fukua udongo kidogo, maana huoza pale inapokutana na ardhi, penye unyevu na hewa pamoja. Juu inaweza kuwa ngumu kama chuma na chini ikawa unga.

Misumari ya U usiipigilie ikazama yote. Acha waya uweze kuteleza ndani yake, ili mnyama akiegemea, mzigo uende kwenye mstari wote badala ya nguzo moja. Ipigilie kwa mshazari pia, isifuate mstari wa mti, la sivyo itaupasua. Seng'enge ukiikata ikiwa imekazwa, simama pembeni, maana hurudi kwa kasi na haichagui jicho. Mkulima Joseph Glidden alipata hataza ya seng'enge yake kule Illinois, Marekani, mwaka 1874. Ujanja wake ulikuwa kusokota nyaya mbili ili mwiba usiteleze. Tangu hapo sijui kilichobuniwa cha kuchana suruali vizuri zaidi.

Kwa upande wa mpaka unaonisumbua zaidi nimeweka waya mmoja wa umeme kwa ndani, waya laini, si wa miiba. Wa miiba haupaswi kutiwa umeme kamwe: mnyama akinasa hawezi kujitoa, anapigwa tena na tena. Waya huo nilidhani ungenipunguzia kazi, umenibadilishia kazi. Majani yakiugusa yanakunywa umeme, kwa hiyo ni kufyeka. Ardhi ikikauka, vyuma vilivyozamishwa ardhini havishiki vizuri na mshtuko unakuwa wa kuchekesha, kwa hiyo ni kumwagilia au kuongeza vyuma. Napima, nikiona umeshuka chini ya volti 3,000 najua ng'ombe wameshajua kabla yangu. Ng'ombe mgeni asiyeujua namfunzia kwanza kwenye zizi dogo, kwa sababu ng'ombe aliyeshtuka bila kujua kilichompiga mara nyingi husonga mbele, na mbele ndiko kwenye shamba la watu.

Lango nalo lisisahaulike. Pini ya bawaba ya juu igeuzwe itazame chini. Mabaka alikuwa na ufundi wa kutia shingo chini ya lango na kulinyanyua litoke kwenye bawaba zake, taratibu, kama mtu anayefunua sufuria, na tangu pini ile igeuzwe amejaribu sana.

Kazi ya mwisho ni ile isiyopendwa na kijana yeyote ninayemwajiri: kuokota vipande. Kila kipande cha waya nilichokata kinaingia kwenye kopo, na misumari iliyopinda vilevile. Ng'ombe huzungushia majani ulimi na kuyang'oa pamoja na chochote kilichomo. Waya mfupi humezwa, hutulia kwenye chumba cha pili cha tumbo, na chumba hicho kinapakana na moyo. Mabaka tayari ana sumaku ya kunasa vyuma humo ndani. Daktari alimmezesha akiwa mtamba na itakaa humo maisha yake yote. Hata hivyo kopo natembea nalo.