Mwili ukilegea na mikono ikitetemeka, anza na saa

Kulikuwa na kipindi ambapo kila asubuhi kati ya saa nne na saa tano, nikiwa kazini Mtumba, hapa Dodoma, magoti yalikuwa yakinilegea, vidole vikitetemeka nikishika kalamu, na moyo ukienda mbio ilhali nimekaa kitini. Kila niliyemweleza alikuwa na jina la ugonjwa mkononi. Mwenzangu wa ofisini alisema ni presha ya kushuka na akanishauri nilambe chumvi, mama mdogo wa Chamwino akasema ni sukari, jirani akasema ni damu, na hakukosekana aliyenong'ona kwamba huenda kuna mkono wa mtu. Hakuna aliyeuliza hali hiyo huja saa ngapi, wala nimekula nini kabla haijaja.

Aliyeuliza ni daktari wa zahanati. Kabla ya kuandika kipimo chochote alininyooshea vidole viwili na kuniambia nivibane kwa nguvu zangu zote, mkono wa kulia kisha wa kushoto, halafu akaniagiza nichuchumae na kusimama bila kushika meza. Niliweza. "Misuli yako ina nguvu, dada," akasema, "sasa tutafute kinachokufanya ujione huna." Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyosikika, kwa sababu mtu aliyechoka au anayehisi kulegea bado anaweza kuinua ndoo akijilazimisha, lakini mtu ambaye misuli au mishipa yake ya fahamu imeathirika hawezi hata akitaka. Udhaifu wa upande mmoja wa mwili, mdomo kwenda upande, maneno kukwama ghafla, au miguu kupoteza nguvu na udhaifu kupanda juu siku hadi siku, si mambo ya kusubiri hadi Jumatatu. Hapo huenda ni kiharusi au ugonjwa wa mishipa ya fahamu, na safari ya hospitali huanza saa hiyo hiyo.

Kwa sisi wengine, mtetemeko mara nyingi hutoka kwenye adrenalini, homoni inayomwagwa na tezi zilizo juu ya figo mwili unapohisi hatari. Homoni hii huongeza kasi ya moyo, hutoa jasho na kuifanya mikono itetemeke. Shida ni kwamba mwili humwaga adrenalini ile ile sukari inaposhuka, maji yanapopungua mwilini na hata mtu anapopatwa na hofu, kwa hiyo hisia yenyewe haiwezi kukuambia chanzo. Ndiyo maana sina imani na utambuzi wa kutazama uso wa mtu, hasa hiyo presha ya kushuka ambayo mjini hapa hutajwa hata pale ambapo hakuna aliyegusa mashine.

Niliombwa nipimwe sukari wakati natetemeka, si kesho yake nikiwa mzima. Tone la damu kwenye kidole lilionyesha 4.8, wakati sukari huhesabiwa kuwa imeshuka ikiwa chini ya milimoli 3.9 kwa lita. Sukari ikafutwa kwenye orodha, na kwa kweli sukari kushuka hadi kuleta dalili ni jambo la nadra kwa mtu asiye na kisukari.

Kwa mama mdogo mambo ni tofauti, kwa kuwa anatumia glibenklamidi, dawa ya kisukari inayolisukuma kongosho kutoa insulini hata siku ambayo mtu hajala. Akichelewa chakula kwa sababu ya msiba au foleni ya benki, hutokwa jasho jembamba, huanza kutetemeka na kuwa mkali bila sababu. Utaratibu wake ni gramu 15 za sukari inayoingia haraka, yaani vijiko vitatu hadi vinne vya chai vilivyokorogwa kwenye maji, au nusu ya soda ya kawaida ya chupa, kusubiri dakika 15, kupima tena, na kurudia ikiwa bado iko chini. Ikishapanda anakula ugali au kiazi, kwa sababu dawa hiyo hukaa mwilini muda mrefu na inaweza kuishusha tena. Mtu aliyepoteza fahamu hapewi kitu mdomoni kamwe. Huyo anakimbizwa hospitali.

Hewa ya Dodoma nayo ina hila zake. Kuanzia Juni hadi Novemba huwa kavu, upepo unavuma, na jasho hukauka kabla hujaliona, hivyo mtu anaweza kushinda juani akipoteza maji huku akijiona hajatoka jasho. Mkojo ukiwa wa rangi ya chai na kichwa kikizunguka unapoinuka, kunywa maji kwanza. Anayetaka kuthibitisha hiyo presha ya kushuka apimwe akiwa amelala, kisha ndani ya dakika tatu baada ya kusimama: namba ya juu ikipungua kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, basi jina hilo ni halali.

Mimi nilikutwa na upungufu wa damu. Kwa mwanamke asiye mjamzito kiwango cha himoglobini, yaani wekundu wa damu unaobeba oksijeni, hakipaswi kuwa chini ya gramu 12 kwa desilita, na changu kilikuwa chini. Moyo wenye damu pungufu hulazimika kwenda mbio ili kufikisha hewa ya oksijeni kunakotakiwa, na chai ya rangi iliyokolea niliyokuwa nakunywa tangu alfajiri bila kula kitu ilikuwa ikiongeza mtetemeko. Chai hiyo pia huzuia madini ya chuma ya kwenye choroko na mboga yasifyonzwe vizuri, hivyo niliisogeza mbali na mlo na badala yake nikawa nashushia chakula kwa juisi ya ubuyu, ambayo ina vitamini C inayosaidia ufyonzaji huo. Pamoja na vidonge vya madini chuma, nguvu zilirudi polepole, kwa wiki kadhaa. Kwa mwanamke, daktari huuliza pia kuhusu wingi wa hedhi. Ni vyema kumjibu bila haya.

Wapo ambao vipimo vyao vyote hutoka safi, pamoja na malaria na tezi ya shingo ambayo ikifanya kazi kupita kiasi hutetemesha mikono na kupunguza uzito. Wengine hutetemeshwa na dawa ya pumu ya kuvuta, au na pombe waliyoiacha ghafla baada ya kuinywa sana, na hawa wa mwisho wanahitaji daktari kwa sababu wanaweza kupata degedege. Wengine ni wasiwasi, na kuambiwa hivyo si kuambiwa kwamba wanajifanya. Mwenye hofu hupumua harakaharaka, hewa ya kaboni dioksidi hupungua kwenye damu, vidole na midomo vikafa ganzi, na ganzi hiyo ikamwongezea hofu. Akikaa chini na kutoa pumzi taratibu kwa muda mrefu kuliko anavyoivuta, mzunguko huo hukatika.

Ukienda kupima, nenda na karatasi yenye saa ambazo hali ilikuja, ulichokula na kunywa kabla yake, dawa unazotumia zikiwemo za kienyeji, na kilichoituliza. Daktari wangu aliisoma ya kwangu nikiwa bado nimesimama.