Usinunue mzinga wa konfeti kwa sababu ya mlio

Nafanya mazingaombwe stejini mwaka wa sita sasa hapa Kisumu na kandokando. Mashuleni, harusini, pati za watoto, hata harambee za kanisa (za kanisa natangaza mapema kwamba ni wepesi wa mikono tu, hakuna uchawi, ndio wazee watulie). Na kitu kimenisumbua kuliko njiwa, kuliko masanduku, ni konfeti, vile vikaratasi vya rangi vya kurusha juu kwenye sherehe. Ukiuliza mtu yeyote kuhusu mzinga, yaani mrija wa kuzirushia, anakuambia chukua ule mkubwa unaolia sana. Emsii alinishauri hivyo, mwenye duka la vitu vya pati alinishauri hivyo, jamaa wa spika naye hivyo hivyo, na hakuna hata mmoja aliyewahi kusimama stejini na mtu amejificha ndani ya sanduku akingoja kutokea.

Niliwasikiza, shida ikaanzia hapo. Ilikuwa sherehe ya kufunga mwaka ya shule moja, ukumbi mkubwa, watoto kama mia mbili na wazazi nyuma. Nilinunua mizinga minne ya kuzungusha kwa mkono, ile mirefu ya sentimita 80 yenye hewa iliyobanwa ndani, kila mmoja mia sita mia saba hivi. Miwili ilikuwa na konfeti ya kumetameta, miwili na tepe ndefu za rangi ya dhahabu. Binamu zangu wawili wakasimama pembeni mwa steji, mmoja kila upande. Mpango ulikuwa nihesabu tatu, mizinga ilie, na dada yangu mdogo atokee kwenye sanduku ambalo dakika moja nyuma kila mtu aliliona tupu. Tuliirudia hiyo kazi wiki tatu nyumbani.

Sasa unaijua Kisumu mwezi wa kumi na moja saa nane mchana. Feni za darini zilikuwa zinazunguka kwa nguvu zote na hata sikuwaza kuziangalia. Nikahesabu tatu. Upande wa kulia tepe zikapanda moja kwa moja hadi kwenye feni, na feni ikazikusanya kama mtu anayesokota uzi, ikavuta bunda lote, ikaanza kulemewa, ikanguruma, halafu tukasikia harufu ya kuungua. Watoto wakapiga kelele. Upande wa kushoto binamu alizungusha mrija katikati badala ya kitako, haukulia, na alichofanya ni kuugeuza achungulie mdomo wake! Nilimpigia kelele nikiwa stejini nikasahau kabisa shoo. Huo mrija ukifyatuka usoni ni jicho linaenda, na hapa sitanii, hata ukionekana umekufa elekeza juu mbali na watu, usichungulie kamwe.

Dada yangu alikuwa ashatokea. Alisimama juu ya sanduku, mikono juu, anatabasamu, na hakuna mtu hata mmoja aliyemwona akitokea. Ukumbi mzima ulikuwa unaangalia feni. Kile kitu kiliniuma mpaka leo, wiki tatu za mazoezi. Mama mtunza ukumbi alikimbia akazima swichi halafu akanijia pole pole, "Nyathina (mwanangu), sasa hii feni nani atalipa?" Nililipa mimi, na malipo ya siku hiyo yakaishia hapo.

Usiku sikulala, lakini nikiwaza nikagundua kitu. Macho ya watu mia mbili yalienda pale karatasi zilipo na yakakaa pale. Mlio unageuza kichwa sekunde moja tu, karatasi inayoanguka polepole ndiyo inashika macho. Kwa hivyo sisi watu wa mazingaombwe hatununui konfeti ya kupamba, tunanunua muda, na swali la kuuliza dukani ni inaelea sekunde ngapi na inapeleka macho wapi.

Nikaanza kupima. Mpwa wangu alipanda gorofa ya pili akawa anaangusha karatasi, mimi chini na saa ya simu. Vile viduara vya mashine ya kutoboa karatasi za ofisi vinashuka haraka na vinaingia kwa nywele, kwa macho, mpaka kwa soda. Za kumetameta zinang'aa vizuri kwa laiti lakini zile nilinunua zilikuwa nzito na zilishuka mbio. Iliyoshinda zote ni karatasi laini, ile ya kufungia zawadi, ikikatwa mstatili wa sentimita 2 kwa 5. Umbo hilo linajiviringisha kwa urefu wake likishuka, linaelea. Kutoka juu pale nilipata kama sekunde sita, saba. Sekunde sita kwa mtu wa sanduku ni siku nzima.

Basi nikajua nataka nini, ikabaki cha kurushia. Ile mashine ya umeme niliikodi mara moja, unachomeka mrija wa kutumia mara moja halafu unafyatua kwa swichi ukiwa mbali, ni nzuri kwa sababu unapanga wakati kamili, lakini yangu ilitegemea stima ya ukumbi na stima yetu mnaijua. Kuna za kushika mkononi zinazotumia vichupa vya gesi vya gramu 16, vile vile waendesha baiskeli wanajazia matairi, hizo unajaza karatasi tena na tena, napenda, ila kila mlio ni kichupa kipya na ukisafiri kwa ndege ni maswali tupu. Na mizinga ya hewa usiiache ndani ya gari juani Kisumu, joto linapandisha presha.

Halafu kuna fundi mmoja aliniambia, omera, mbona unapoteza pesa, mimi nitakutengenezea kwa paipu ya plastiki ya maji na pampu ya baiskeli. Watu wengi wamepewa huu ushauri na unanikasirisha sana. Paipu ya PVC imetengenezwa kubeba maji, ukiibana hewa ndani ikishindwa haivuji tu, inapasuka vipande vikali. Mbele ya watoto? Nilikataa.

Jibu nililipata kwa duka la vitambaa pale Oginga Odinga Street. Kitambaa cha kuuza kwa mita kinakuja kimeviringishwa kwenye mrija wa karatasi ngumu, na kikiisha mrija unatupwa. Niliomba mitatu nikapewa bure. Nikaikata urefu wa mkono kuanzia kiwiko, nikaziba upande mmoja. Karatasi laini nikapeleka duka la uchapishaji, wana ile mashine kubwa ya kukata rimu, kwa kama mia mbili hivi walinikatia mzigo wa miezi miwili, yaani sahau makasi. Sasa siri yenyewe ni hii: usimwage karatasi ndani ya mrija zikiwa zimetawanyika. Zipange vibunda, zikiwa zimelala moja juu ya nyingine kama noti, uzisukume ndani zikae pamoja bila kubana. Ukirusha mkono kwa nguvu kama mvuvi anayerusha ndoano na ukasimamisha ghafla, kibunda kinatoka kizima, kinapanda, halafu kinafunguka huko juu. Zilizotawanyika zinakuangukia miguuni, nilijaribu. Hakuna gesi, hakuna mlio wa kutisha watoto wa nasari, na njiwa wangu wanatulia kabisa. Mlio nikiutaka namwambia jamaa wa spika auweke.

Mara ya kwanza niliitumia kwa harusi upande wa Kakamega. Binamu zangu walirusha pembeni, juu, mbele kidogo ya steji. Niliona videvu vyote vikiinuka. Zilipofika usawa wa macho yao, dada yangu alikuwa pale. Ukumbi ulinyamaza kwanza, halafu ukalipuka. Dada alilia stejini, na mimi pia.

Tepe sijaziacha, lakini nazitumia mwisho kabisa wakati hakuna tena cha kuficha, na ni za karatasi, za kurusha kwa mkono. Ukizirusha katikati ya shoo zinaning'inia kwa laiti na nyaya za maiki na zinakufunika wewe mwenyewe. Nje, chini ya nyaya za stima, za kumetameta usithubutu, zinapitisha umeme. Na ukifanya shoo Dunga ufuoni, kumbuka mchana upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu, kwa hivyo ipe ziwa mgongo, la sivyo karatasi zote zinakurudia mdomoni. Hapo pia lazima uokote kila kipande kabla ya kuondoka, ziwa lina takataka za kutosha.

Rangi ijaribu kwanza. Lowesha kipande, kibandike kwa kitambaa cheupe, ukiona kimeacha rangi kirudishe dukani. Harusini mimi natumia nyeupe tu. Na msimu wa mvua karatasi laini inavuta unyevu inashikana, yangu inakaa kwa ndoo yenye kifuniko cha kubana mpaka dakika ya mwisho.

Jumamosi niko Ahero. Ukumbi una feni nne, nishaongea na mwenye funguo, swichi iko nyuma ya mlango wa kushoto na binamu yangu atasimama hapo.