Kemba ya nyuma ya Jaguar E-Type

Fundi wa alaimenti aliyezoea magari ya sasa akiingia chini ya Jaguar E-Type atatafuta bolti ya kurekebishia magurudumu ya nyuma na hataiona. Haipo. Kemba, yaani mlalo wa tairi ukilitazama kwa nyuma, hupangwa kwa kuweka au kutoa shimu, yaani vipande vyembamba vya chuma vya kujazia nafasi. Mwelekeo wa sehemu ya mbele ya tairi kuingia ndani au kutoka nje haukuwekewa marekebisho yoyote.

Sababu ni umbo la mfumo wenyewe, ambao Bob Knight, mhandisi wa Jaguar, aliusanifu na ambao ulikuwemo gari lilipooneshwa kwenye maonyesho ya magari ya Geneva mwezi Machi 1961. Chini kuna mkono mpana unaobeba habu, yaani kitovu gurudumu linapofungwa. Juu hakuna mkono: hafshafti inayopeleka nguvu kwenye gurudumu ndiyo inayofanya kazi hiyo. Ukirefusha hafshafti, kichwa cha tairi hutoka nje. Ukiifupisha, huingia ndani. Mimi naona ni ubunifu mzuri sana, lakini una gharama yake. Krosi (kiungo kinachoiruhusu hafshafti kukunja huku ikizunguka) iliyochakaa hapa haiishii kugonga tu unapoondoka na gari, inahamisha na kemba pia. Beringi za shafti zinazotoka kwenye difu nazo ni hivyohivyo.

Kwa hiyo usiguse shimu kabla ya kuondoa ulegevu. Inua gari, shika tairi juu na chini, livute na kulisukuma huku mtu mwingine akitazama chini. Habu ikicheza, pima kwa saa ya kupimia (dial gauge): beringi za habu huruhusiwa kucheza kati ya milimita 0.05 na 0.15 kwenda ndani na nje. Ikizidi, panga beringi upya. Habu ikitulia lakini hafshafti ikasogea kwenye krosi, badilisha krosi. Shafti fupi ya difu ikiingia na kutoka pamoja na diski ya breki, difu inahitaji kufunguliwa, na hapo hakuna njia ya mkato. Tazama pia beringi za sindano kwenye pini ya ndani ya mkono wa chini. Nipeli za grisi zikiziba, beringi hizo hukauka na kuliwa bila kelele yoyote.

Mambo yakiwa imara, upepo wa matairi ukiwa sawa na gari likiwa kwenye sakafu iliyonyooka (tumia pima maji, macho hudanganya), funga suspensheni kwenye kimo cha kupimia. Kemba ya E-Type hubadilika gari likipanda na kushuka, hivyo kipimo kisichotaja kimo hakina maana. Kiwanda kilitumia vipande viwili vya chuma, kimoja kila upande, vyenye milimita 209.5 kutoka kitovu hadi kitovu. Ncha moja hunasa kwenye tundu la chini la maungio ya nyuma ya fremu ndogo, ile inayobeba difu na suspensheni ya nyuma. Kandamiza bodi hadi ncha ya pili ivae juu ya nati ya pini ya nje ya mkono wa chini. Chuma bapa kinatosha kuvitengeneza, ila vipimo viwe sawa pande zote mbili. Kisha sukuma gari mbele mita chache ili matairi yatulie.

Kemba inayotakiwa ni robo tatu ya digrii hasi, yaani kichwa cha tairi kikiwa kimeingia ndani, na robo digrii zaidi au pungufu inaruhusiwa. Huna mashine? Ning'iniza timazi kando ya rimu, upande wa nje. Pima umbali kutoka uzi hadi ukingo wa juu wa rimu, halafu hadi ukingo wa chini. Kama kingo hizo zimeachana milimita 400, tofauti ya milimita 5.2, juu ikiwa imeingia ndani, ndiyo robo tatu ya digrii. Rimu za spoki hupinda kidogo, basi sogeza gari nusu mzunguko wa gurudumu, pima tena, uchukue wastani.

Shimu moja ya milimita 0.5 hubadilisha kemba kwa takriban robo digrii. Upande ukisoma digrii moja na robo hasi, ongeza shimu mbili. Toa vyuma vya kupimia, inua gari kwenye stendi, vua gurudumu, fungua nati nne zinazoshika hafshafti upande wa difu. Habu italala nje ikizunguka kwenye pini yake ya chini, kwa hiyo ishikilie. Hesabu shimu zilizopo kabla hazijadondoka.

Hapa ndipo wengi huharibu. Shimu za kemba hukaa kati ya diski ya breki na hafshafti. Kati ya diski na difu huweza kuwa na shimu nyingine, na hizo kazi yake ni kuiweka diski katikati ya kalipa. Ukizichanganya, kemba itasoma vizuri lakini diski itakuwa imehama na breki zitakwaruza. Rudisha kwa nati mpya za kujifunga, kisha pima upya kuanzia mwanzo.

Magurudumu yakiwa hayaendi sambamba, vuta nyuzi pembeni mwa gari. Kwa modeli ya kwanza ni rahisi, maana upana wa mbele na wa nyuma ni uleule, milimita 1270. Pima pia kutoka kitovu cha gurudumu la mbele hadi la nyuma, kulia na kushoto: milimita 2438 kwa gari la viti viwili la modeli hiyo, 2667 kwa lile refu la 2+2. Upande mmoja ukiwa mfupi, kagua mipira minne ya fremu ndogo na bushi za mikono ya mbele-nyuma. Zikiwa nzima, kuna mkono uliopinda.

Mwisho, toa vyuma na uache gari lisimame lenyewe. Matairi yakilala ndani sana wakati vipimo vilikuwa sahihi, springi zimechoka. E-Type ina springi mbili kila upande, jumla nne nyuma. Badilisha zote kwa pamoja, wala usijaribu kuficha tatizo hilo kwa shimu.