Leo nimeachia kipanya

Kijana wetu mpya wa uhasibu yuko wiki ya tatu sasa. Asubuhi alikuja mezani kwangu na swali lile lile, kwa mara ya nne: afanyeje salio la vitabu vyetu lisipolingana na taarifa ya benki? Jibu la ukali lilinifika mdomoni. Nikalimeza, maana nilikumbuka nilivyomfundisha mara zote tatu. Navuta kiti, nachukua kipanya mkononi mwake, nabofya huku na kule nikisema "unaona?", naye anaitikia "ndiyo, dada". Kisha narudi kwangu nikiamini nimefundisha. Yeye mwenyewe hajawahi kuifanya hata mara moja.

Na mimi yalishanikuta. Miaka kadhaa iliyopita, mwajiri wangu wa zamani alitupeleka semina ya siku mbili kuhusu programu mpya ya hesabu. Niliandika kurasa kumi na tatu, nikapewa cheti, nikajaza fomu iliyouliza kama ukumbi ulifaa na mwezeshaji alieleweka. Programu yenyewe tuliwekewa miezi miwili baadaye. Nilipofungua daftari, mwandiko ulikuwa wangu lakini maneno yalikuwa kama ya mtu mwingine. Hermann Ebbinghaus, mwanasaikolojia wa Ujerumani, alijipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, na mwaka 1885 akachapisha alichokiona: tunasahau kwa kasi kubwa siku ile ile ya kwanza, halafu kasi inapungua, na kurudia rudia kwa vipindi kunaokoa mengi. Mimi nilikaa miezi miwili bila kurudia chochote, na hakuna aliyepita mezani kwangu kuniuliza, "Vipi, umeshaitumia?" Swali hilo ningelithamini kuliko cheti.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, viwanda vya Marekani vilipojaa watu wasiojua kazi, wasimamizi walifundishwa namna ya kufundisha kwa hatua nne: mwandae, mwoneshe, mwache afanye huku akieleza, kisha mfuatilie. Miaka yote hii nimekuwa nikiishia hatua ya pili. Inaniuma, kwa sababu kuna watu wawili waliopita mikononi mwangu kabla ya huyu, na mmoja wao aliondoka akiamini kazi hii imemshinda.

Basi leo nilivuta kiti kama kawaida, ila mikono nikaiweka mapajani. "Fanya wewe, na uniambie kila unachofanya na kwa nini."

Tofauti ilikuwa 270. Nilimwongezea neno moja tu: igawanye kwa 9. Ikigawanyika bila kubaki, kuna uwezekano tarakimu mbili zimebadilishana nafasi. Akagawanya, akapata 30, akaanza kushuka mstari kwa mstari. Ilichukua karibu nusu saa. Mimi nilishauona mstari wenyewe dakika za mwanzo, na kunyamaza kulinipa shida kuliko nilivyotarajia. Aliupita mara mbili. Mara ya tatu kidole chake kikasimama juu ya kioo: benki 6,360, kwetu 6,630.

Hakusema kitu. Alirekebisha, akatazama tofauti ikigeuka sifuri, akavuta daftari lake na kuandika sentensi mbili. Nilizichungulia. Hakuna neno langu hata moja mle ndani, ni maneno yake matupu, na yako sahihi.

Mchana meneja aliuliza kwa nini taarifa imechelewa. Nikamweleza ilivyokuwa, na nikaomba nusu saa nyingine Ijumaa, kwa akaunti ya pili. Amekubali. Nimeshaiandika kwenye kalenda ya kijana, si yangu, na chini yake nimeongeza: "Nitakuja kukaa tu."