Bakuli la msandali

Wapendwa katika Dhamma, mafundisho ya Buddha,

Juma lililopita, tulipomaliza kuketi kutafakari na mishumaa bado inawaka, kijana mmoja alinisogelea. "Shikamoo mama. Hivi mtu akishaamka kiroho kama Buddha, anaweza kusoma mawazo yangu? Anajua kila kitu?" Nilimjibu juu juu, maana watu walikuwa wanavaa viatu waondoke. Swali lake limekaa nami tangu siku hiyo.

Maandiko yetu hayazikatai nguvu hizo. Yanataja kusikia ya mbali, kutembea juu ya maji, kuijua mioyo ya watu, kukumbuka maisha yaliyopita. Buddha mwenyewe alimtaja Moggallana kuwa wa kwanza kwa nguvu kati ya wanafunzi wake. Lakini Devadatta naye alikuwa nazo, na bado uchu wa ukubwa ulimtafuna hadi akapanga kumwua Buddha, jamaa yake wa damu.

Halafu yupo Susima. Alipojiunga na watawa alisikia baadhi yao wametangaza kwamba wamefika mwisho wa safari, akawaendea kuwauliza. Mnapenya ukuta? Hapana. Mnajua mioyo ya wengine? Hapana. Mnakumbuka maisha ya nyuma? Hapana. Wakamwambia kwamba wamewekwa huru kwa hekima. Kila nikifika hapo huacha kusoma kidogo. Watu walioamka kabisa, wanajibu hapana baada ya hapana, bila haya.

Kwa hiyo, mwanangu, mtu anaweza kuwa na nguvu na asiamke, na anaweza kuamka asiwe nazo.

Kuhusu kujua yote, zama zile India walikuwepo walimu waliojitangaza kwamba wanajua na kuona kila kitu muda wote, wakitembea au wakilala. Kule Kosambi, Ananda, mtawa aliyemhudumia Buddha, alimwambia Sandaka, mtangatanga wa dini, habari za mwalimu wa namna hiyo. Anaingia kuomba chakula kwenye nyumba isiyo na mtu. Anarudi na bakuli tupu. Mbwa anamng'ata. Anakutana na tembo mkali. Anasimamisha watu kuwauliza majina yao, kijiji hiki kinaitwaje, njia ni ipi. Akiulizwa mbona anauliza, anasema ilimpasa kuuliza. Na Buddha, alipoulizwa na mtangatanga mwingine, Vacchagotta, kule Vesali kama ni kweli anajua yote kila wakati, alisema wanaomnenea hivyo wanamzulia. Alidai mambo matatu tu: kukumbuka maisha yaliyopita anapotaka, kuona viumbe wanavyokufa na kuzaliwa kwa matendo yao, na kukatika kwa uchafu wa moyo.

Wenzetu wa njia ya yoga wanakubali zaidi. Mwalimu wao Patanjali, katika sura ya tatu ya kitabu chake Yoga Sutra, anaziorodhesha nguvu moja moja hadi kufikia kujua yote. Lakini katika sura hiyo hiyo anasema nguvu hizo ni kizuizi kwa utulivu wa ndani, na aliyefikia kujua yote anatakiwa kuuacha hata ujuzi huo ndipo awe huru.

Nayasema haya kwa uchungu kidogo. Miaka yangu ya kwanza niliketi nikingoja kuonyeshwa kitu. Nilikuwa nimefiwa, nikatamani macho ya kumwona marehemu yuko wapi. Nikisikia joto kifuani au nikiona mwanga nikifumba macho, nilidhani mlango unafunguka. Pumzi iliyokuwa puani mwangu sikuijali.

Kule Rajagaha tajiri mmoja alichongesha bakuli la msandali, akalitundika juu ya mianzi iliyoungwa, akatangaza kwamba aliyeamka na mwenye nguvu alichukue. Mtawa Pindola akapaa, akalitwaa, akauzunguka mji mara tatu. Watu wakamfuata kwa kelele hadi Buddha akamwuliza Ananda kuna nini. Pindola akaitwa, akakemewa vikali: kuonyesha nguvu kwa ajili ya bakuli la mti ni kama mwanamke kufunua nguo yake kwa sarafu. Watawa wakakatazwa kuonyesha nguvu mbele ya watu. Bakuli likavunjwa, likasagwa, na unga wake wakapewa watawa wachanganye katika dawa ya macho.